Mama Robo Saa na Nzi Aliyeandikwa Nyuki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, na ukungu bado umeyashika matawi ya chini ya miparachichi. Mwanamke mwenye koti la mvua la kijani ameketi juu ya kigoda, pua yake shibiri moja tu kutoka kwenye kishada cha maua. Mkono wa kushoto ana saa, wa kulia ana penseli, na daftari limelala mapajani. Mwandishi wa makala haya anapomsogelea na kumpa shikamoo, anajibiwa kwa kidole kilichowekwa mdomoni.

Basi mgeni ananyamaza. Mdudu anakuja, anatua, anaondoka, na penseli inacheza. Mwingine huyo! Kwa mtu asiyejua anachokitafuta, hao ni wadudu tu. Kwa huyu mama ni wageni wanaobisha hodi, na kila mmoja lazima aandikwe jina lake, ua aliloingia na saa aliyoingia.

"Marahaba, mwanangu," anasema hatimaye, robo saa ilipotimia, kana kwamba salamu imetolewa sasa hivi. "Kumi na saba. Kumi na mbili kati yao ni yule wangu. Na baridi yote hii! Umewaona lakini?"

Mwandishi hakuona kitu. Mama anacheka mpaka kigoda kinayumba.

Shamba zima linamwita Mama Robo Saa. Ana miaka arobaini na tisa, aliishia darasa la saba, na ukiijaza kazi yake kwenye fomu utaandika msaidizi wa utafiti. Anakaa mbele ya maua kwa dakika kumi na tano, anaandika nani kamtembelea nani, kisha anahamia mti mwingine. Katika misimu miwili amekaa robo saa elfu mbili na mia tatu na ushee. "Idadi kamili, mgongo wangu ndio unaoijua," anasema.

Leo hakuja kwa ajili ya maua peke yake. Maua yenyewe yanaelekea kwisha. Ikifika saa tatu, matunda machanga yatahesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama kichaka kilichopo ukingoni mwa shamba kitabaki au kitang'olewa.

"Roho yangu iko juujuu tangu juzi," anakiri. "Nimechemsha chai nikasahau kutia majani. Mume wangu akanywa maji moto, akasema ahsante, hakuthubutu kuuliza."

Kichaka chenyewe, ukikipita, hukipi hata salamu. Urefu wake mita mia mbili na kumi, upana hatua saba. Ni nyasi zilizovurugika, miti miwili mitatu ya miiba, na kishonanguo, tena kishonanguo kwa wingi usio na adabu. Kwa miaka ishirini mwenye shamba amekuwa akituma watu kukifyeka, nacho kinarudi.

Miaka minne iliyopita Mama Robo Saa hakuwa na habari na kichaka wala mdudu. Alikuwa mfagizi katika kituo cha utafiti wa kilimo, jengo la ghorofa moja nyuma ya shamba, vyumba kumi na viwili na choo kimoja kisichoisha kuziba. Kila asubuhi alikuta wadudu waliokufa kwenye vizingiti vya madirisha. Wafagizi wengine waliwazoa wakatupa. Yeye aliwatia kwenye kiberiti kitupu.

"Niliona si wa namna moja," anaeleza. "Huyu ana mbawa mbili, huyu nne. Huyu ndevu ndefu, huyu hana. Nikawa nawapanga kama mtu anavyochambua maharage. Sikuwa na sababu. Mtu huwezi kuwa na udadisi kwa sababu umeshika fagio?"

Mtafiti wa wadudu, mwanamke ambaye kila mtu kituoni anamwita Daktari, aliingia ofisini siku moja akakuta karatasi imetandazwa na wadudu thelathini na wanane wamepangwa katika mafungu tisa. Alikuwa na mafungu yake mwenyewe kwenye kompyuta. Yalikuwa tisa pia.

"Nilimuuliza kasoma wapi," Daktari anakumbuka. "Akanijibu, 'Dirishani.'"

Ndivyo fagio lilivyokabidhiwa mtu mwingine. Mshahara ulipanda kwa theluthi moja, ila mkataba ni wa miezi minne minne, na mvua ikinyesha, kazi hakuna. Nyumbani, mumewe, ambaye ni seremala, aliipokea habari kwa mashaka. Aliposikia mkewe amechukuliwa kwenye utafiti wa mtandao, akaitazama simu yake ya batani iliyofungwa kwa raba. "Wewe na simu hiyo," akasema, "ndio wa kuajiriwa mtandaoni?"

Mtandao wanaouzungumzia hauhitaji bando. Ni mchoro. Kila kiumbe ni duara, na kila kiumbe anapomtegemea mwingine kwa chakula au kwa kubebewa chavua, unachorwa uzi kati yao. Ukishachora nyuzi zote, unaanza kuona nani ameshikilia nini.

Mwanzoni Mama Robo Saa hakuelewa kitu. Siku alipoelewa, alielewa kwa njia yake, na Daktari sasa huwafundishia wanafunzi wake maneno hayohayo.

"Chukua mtaa wetu," anasema mama huyu, macho yakimng'aa. "Andika nani anamwazima nani chumvi. Usiandike nani tajiri, wala nani ana nyumba kubwa. Chumvi tu. Ukimaliza utashangaa. Utamkuta bibi mmoja wa chumba kimoja, hana mbele wala nyuma, lakini nyuzi zote zinapita kwake. Siku akihama, mtaa mzima utakula chakula kisicho na ladha, na hakuna atakayejua kwa nini. Basi sisi tunamtafuta huyo bibi. Tunamtafuta kabla hajafukuzwa."

Na kidogo wamfukuze bibi huyo. Kosa lilikuwa la Mama Robo Saa mwenyewe, na analisimulia bila kujificha.

Wadudu, asubuhi ya maua mengi, hawaji kwa foleni. Wanakuja wote kwa pamoja, kama watu waliosikia kuna sukari ya bei poa. Mkono hauwezi kuandika majina mazima. Kwa hiyo alianza kufupisha. Nyuki mdogo, yule asiyeuma, akawa NM. Nzi mistari, yule mwenye mistari ya njano na nyeusi anayesimama hewani bila kushikwa na mtu, akawa naye NM, lakini amepigiwa mstari chini.

"Si ana mistari? Nikampigia mstari. Kwangu mimi ilikuwa wazi kama mchana," anasema huku akijishika kichwa. "Hii lugha yetu nayo! Nyuki N, nzi N, nyigu N, nondo N. Kama waliambizana. Nyigu peke yake nilimwandika jina lake lote. Yule nampa heshima yake."

Madaftari yalikwenda kwa Karani. Huyu ni mzee wa miaka hamsini na minane, aliyehamishiwa kituoni kutoka ofisi ya masjala, anayepiga chapa kwa vidole viwili na miwani miwili. Alikuwa hajawahi kumwona nzi mistari, ila mistari chini ya maneno alikuwa ameiona mingi.

"Mimi nimekaa masjala miaka ishirini na sita," anajitetea mpaka leo. "Mstari chini ya neno ni msisitizo. Barua yenye mstari haikai mezani, inakwenda kwa mkubwa. Nikasema, huyu dada anampenda kweli nyuki mdogo! Nikaingiza nyuki mdogo, nyuki mdogo, nyuki mdogo."

Wiki saba zilizopita, siku ya Jumatano, Daktari aliuonyesha mchoro ukutani, mbele ya mwenye shamba na wasimamizi wake. Katikati palikuwa na duara kubwa kuliko yote, limezungukwa na nyuzi pande zote: nyuki mdogo. Watu walipiga makofi. Mwenye shamba, mzee mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi inakata, akafurahi kuliko wote.

"Kumbe ni nyuki!" akasema. "Basi mambo rahisi. Naleta mizinga hamsini. Na kile kichaka kinachonitia aibu mbele ya watu nakiondoa, najenga banda la kufungashia matunda. Jumamosi tingatinga linakuja."

Mama Robo Saa alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ya wageni. Aliutazama uzi mnene uliotoka kwa nyuki mdogo kwenda kwenye ua la parachichi, pembeni yake pameandikwa saa: kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Saa hizo, na ukungu ule? Nyuki mdogo bado kalala!" anasema. "Yule anaingia zamu saa nne, jua likishapanda. Nikaona palepale. Huyo si nyuki. Huyo ni nzi wangu, amevalishwa jina la mwenzake, na nyumba yake inakwenda kubomolewa."

Ukitaka kujua kwa nini saa ni jambo kubwa, ua la parachichi lina kituko chake. Hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza likiwa jike, likajifunga, kesho yake likafunguka likiwa dume. Kwa aina iliyopandwa hapa, jike hufunguka asubuhi. Mgeni mwenye chavua asipofika asubuhi, ua limeshajifunga na tunda halipo.

Pale mkutanoni hakusema neno. Aliogopa. Mwenye kosa ni nani? Yeye. Nani angembakisha kazini mtu aliyevuruga misimu miwili kwa herufi mbili? Alirudi nyumbani akamweleza mumewe yote, mpaka mumewe akaweka randa chini.

"Nilimwambia, mficha uchi hazai, mke wangu," anasema seremala huyo, ambaye ndiye aliyekitengeneza kigoda. "Nikamwambia, mimi nikikata ubao vibaya, siupaki rangi. Nitasema nimekata vibaya, kwa sababu mwenye kiti atakaa tu, na ataanguka tu."

Alhamisi asubuhi alimfuata Daktari kabla hajafungua ofisi. Alisema yote akiwa amesimama kwenye ngazi, macho chini.

"Nilitaka kulia," Daktari anakiri. "Ripoti ilikuwa tayari. Kisha nikajiuliza: kama mistari ipo kwenye daftari, basi kitu gani kimepotea? Hakuna! Nikamuuliza, 'Mama, madaftari yako wapi?'"

Yalikuwa kumi na moja, kwenye sanduku la bati, yamefungwa kwa kamba. Wakajifungia chumba cha pili, watu watatu. Mama Robo Saa akawa anasoma, Karani anachapa, Daktari anahakiki. Chumba kikageuka uwanja wa mpira.

"NM, saa kumi na mbili na dakika arobaini!"

"Ana mstari?"

"Anao!"

"Nzi! Twende!"

"NM, saa nne na nusu!"

"Ana mstari?"

"Hana!"

"Nyuki! Twende!"

Karani, ambaye hajawahi kuonekana akikimbia hata mvua ikinyesha, alichapa mpaka vidole vikawa vinne. Ijumaa, saa tisa alasiri, maandishi elfu tatu na mia moja ya NM yalikuwa yamekwisha. Daktari akabofya. Mchoro ukaanza kujichora upya, na wote watatu wakauinamia mpaka vichwa vikagongana.

Lile duara kubwa la katikati likagawanyika. Nyuki mdogo akasogea pembeni na nyuzi zake chache za haki. Na pale katikati, loo! Akabaki nzi mistari. Uzi kwenda kwa parachichi. Nyuzi kwenda kwenye maua ya kishonanguo, anakokula siku ambazo parachichi halina ua. Uzi mwingine kwenda kwa vidukari wa kichakani, wale vidudu wafyonza utomvu, ambao ndio chakula cha mabuu yake.

"Sasa tukitoe kichaka," Daktari akasema, akabofya tena.

Nyuzi zikaanza kupotea mmoja mmoja. Kishonanguo kikaondoka na vidukari wake, vidukari wakaondoka na nzi na wadudu wengine wanaoishi humo. Parachichi lililokuwa na wageni wa aina kumi na tisa likabaki na sita.

"Mwili ulinisisimka hapa mpaka hapa," anasema Mama Robo Saa, akionyesha kutoka kiganjani hadi begani. "Nilimwona yule bibi wa chumvi. Nimemwona kwa macho yangu! Na kesho asubuhi tingatinga linakuja kumhamisha."

Wakampigia simu mwenye shamba. Hakupendezwa hata kidogo. "Jumatano mlisema nyuki," alifoka. "Leo mnasema nzi. Kesho mtaniambia kunguni! Mimi siuzi michoro sokoni." Akakata.

Jumamosi, jua halijachomoza, Mama Robo Saa alitoka nyumbani na vigoda viwili. Alimkuta mwenye shamba keshafika, na tingatinga linapasha injini mbele ya kichaka. Hakulizuia, wala hakupiga kelele.

"Nilimwambia, 'Mzee wangu, mashine yenyewe bado baridi. Nipe robo saa. Hesabu mwenyewe wanaokuja kwenye maua ya parachichi, mimi sitasema kitu.'"

Mwenye shamba mwenyewe anasimulia kilichomfanya akae. "Aliweka kile kigoda akapangusa vumbi kwa upande wa khanga. Sasa mtu mzima kama yule akikupangusia kiti, utasimama?"

Akakaa. Dakika ya kwanza akaitazama saa. Dakika ya tatu akasogea mbele. Dakika ya sita akamnyang'anya mama penseli. Kufikia ya kumi na tano alikuwa amepiga vijiti ishirini na mbili kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa sababu daftari alilisahau, na katika hivyo vyote nyuki mdogo alikuwa hana hata kimoja.

"Miaka ishirini nina shamba hili," anasema mzee huyo polepole. "Nilikuwa nafikiri nzi ni nzi."

Akamwambia dereva azime. Hakuahidi kitu zaidi ya muda. Matunda yakishatunga yatahesabiwa upande wa kichakani na upande wa barabarani. Yakilingana, kichaka kinang'olewa siku hiyohiyo. Mama Robo Saa akapeana naye mkono.

Na siku hiyo ndiyo leo.

Saa tatu kamili. Kumefungwa utepe mwekundu kwenye matawi mia moja upande wa kichakani na mia moja upande wa barabarani, tangu kabla ya maua, kwa ajili ya utafiti wenyewe. Wanaohesabu ni wafanyakazi wawili wa ghala la matunda ambao hawakuambiwa sababu. Karani anaandika, na juu ya karatasi yake kuna onyo kwa herufi kubwa: HAKUNA KIFUPISHO.

Mtu mmoja tu amekatazwa kuhesabu. "Wewe una upendeleo," Daktari alimwambia. Kwa hiyo Mama Robo Saa, ambaye kazi yake maishani ni kuhesabu, amekaa juu ya kigoda amekumbatia magoti, anawasikiliza wengine.

"Sita." "Nne." "Nane." Hiyo ni huku kichakani. Matunda ni madogo kama gololi. Kisha wanahamia barabarani, na sauti zinasikika kwa mbali. "Mbili." "Hakuna." "Tatu." "Hakuna."

Kila inaposikika "hakuna", anafumba macho. Mwandishi anamuuliza kama anafurahi. "Usiniulize sasa," anajibu. "Nikifungua mdomo, moyo utatoka."

Inachukua saa mbili. Karani anajumlisha mara mbili, kisha mara ya tatu kwa miwani mingine. Anasimama wima kama mtu anayesoma tangazo.

"Upande wa kichakani, matunda mia sita na kumi na mawili. Upande wa barabarani, mia mbili arobaini na moja."

Mama Robo Saa anapiga ukelele mmoja mrefu ambao bila shaka umesikika hadi kituoni. Anamkumbatia Daktari, anamkumbatia Karani, anamkumbatia na mwandishi, kalamu inaanguka. Anacheka na machozi yanamtoka, na hajali kuyafuta.

"Tulia kwanza, Mama," Daktari anasema, ingawa mwenyewe hatulii. "Huu ni msimu mmoja. Pengine udongo wa kule barabarani una lake. Inabidi turudie mwakani."

"Turudie hata mara kumi! Nani kakataa?"

Mwenye shamba ameichukua karatasi, anaisoma mwenyewe, kidole kikifuata kila mstari. "Miti ileile?" anauliza. "Mbolea ileile?" Anaambiwa ileile. Anaikunja karatasi, anaitia mfuko wa shati, anakitazama kile kichaka alichokifyeka kwa miaka ishirini.

"Haya magugu," anasema, anakohoa kidogo. "Mbegu zake zinauzwa wapi?"

Mama Robo Saa anaangua kicheko.

"Mbegu za kishonanguo haziuzwi, Mzee wangu! Wewe ingia tu humo kichakani na hiyo suruali yako, utokee upande wa pili."

Wasimamizi wanatazama chini. Mzee anaitazama suruali yake, mikunjo yake ya pasi bado imesimama. Kisha anaingia. Kichaka kinatikisika, kinatikisika, na anapotokea upande wa pili ameshonwa mbegu nyeusi kutoka soksi hadi mkanda.

"Usijipanguse!" Mama Robo Saa anamkimbilia, mikono hewani. "Usijipanguse, Mzee! Tembea taratibu!"

Naye anatembea taratibu, miguu kaitanua, anakatiza shamba zima kuelekea barabarani, kwa uangalifu wa mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Mama Robo Saa anatembea kando yake. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi, na Daktari ameomba mwingine, haijulikani kama utakuja. Anapoulizwa anataka nini, haongelei mkataba.

"Mwakani nataka niketi huku barabarani," anasema, akionyesha miti iliyozaa mbili na hakuna. "Huku ambako nilikuwa nakaa robo saa nzima, daftari linabaki jeupe. Nataka nichelewe kuandika kwa wingi wa wadudu."

Wamefika. Mwenye shamba anachuchumaa kwa shida kando ya barabara, ananyofoa mbegu ya kwanza kwenye goti lake, anaishika kwa vidole viwili.

"Haya, Mama," anasema. "Nipande hatua ngapi ngapi?"